Timu Iliyouzwa kwa Kitunguu

Paskalia alikuwa ameshapita arobaini alipouzwa, tena kwa kitunguu kimoja, na kitunguu chenyewe kilikuwa kimeanza kuota. Hakuuzwa peke yake. Aliuzwa pamoja na wanawake wenzake wote wa timu ya Bondwa, gunia lao la magongo na magodoro yake mawili ya kukingia miguu golini. Na kabla hujaniuliza nani mwenye akili timamu anauza timu ya mpira wa magongo kwa kitunguu, ngoja nianzie kwenye magongo, maana bila magongo hakuna kesi.

Magongo yaliletwa mjini Morogoro na Mzee Luqmani, mwenye duka la magodoro jirani na soko. Mzee huyu ni mjomba wake Paskalia, kaka wa mama yake tumbo moja. Aliteremka kutoka Matombo ujanani akimfuata dada yao mkubwa, Bi Zuhura, aliyekuwa ameolewa mjini, na wote wawili wakasilimu. Waliobaki mlimani wakabaki na misa zao, na hakuna aliyegombana na mtu. Krismasi wanakula huku, Idi wanakula kule, tumbo halina dini. Sasa Mluguru kwa mjomba wake ujanja hana. Mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo lao, na mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Akikohoa mjomba, wewe unatafuta maji ya kumpa.

Basi Mzee Luqmani alikwenda mnadani Dar es Salaam, akanunua kontena zima bila kufunguliwa kwa sababu aliambiwa ni vifaa vya shule. Akili yake yote ilikuwa kwenye magodoro ya bweni. Alipolifungua akakuta magongo ya mpira, yamepangwa vizuri, na pua zao zimepinda. Mtu mwingine angelia. Yeye akayatundika mlangoni akatangaza kwamba anauza mikongojo ya wazee kutoka Ulaya. Wazee wa Kilakala wakanunua kwa furaha, na baada ya siku chache wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakiuliza wanashika wapi, maana kilichopinda kiko chini. Aliyeridhika ni mmoja tu, yeye alikuwa anaangulia mapapai.

Ndipo akapita Mwalimu Shadya, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, akaona yale magongo na kupiga kelele katikati ya barabara. Aliwahi kuucheza mpira huo chuoni. Mzee Luqmani akamsikiliza, akafikiri, akaona heri aitwe mfadhili wa michezo kuliko kuitwa mwizi wa wazee. Timu ikazaliwa hivyo, jamani. Wakaiita Bondwa, jina la kilele kile kinachovaa mawingu juu ya mji.

Paskalia hakuja uwanjani kucheza. Alikuja kuuza ndizi. Ndizi zake hushuka kutoka Matombo alfajiri, naye huziuza sokoni asubuhi na jioni hutembeza zilizobaki. Mumewe alikuwa amekwenda Mererani kutafuta vito, akapata mke. Watu wa mjini walimjua kwa jina la Mama Ndizi, na wengine hata hilo mama hawakuliweka, walimwita tu "we ndizi, njoo". Jioni hiyo golikipa wa Bondwa aliona mpira ule mgumu unamjia, akakumbuka ana watoto nyumbani, akakimbia. Mpira ukanyooka kwa Paskalia aliyekuwa amepumzika nyuma ya goli. Akaukinga kwa beseni. Ukaja mwingine, akaukinga. Wachezaji wakaona raha, wakaanza kumpigia makusudi, naye akakinga yote huku ndizi zikitapakaa na yeye akiwatukana kwa Kiluguru. Shadya alimwomba arudi kesho, bila ndizi.

Hiyo ilikuwa miaka minane nyuma. Mzee Luqmani alimkatia vipande vya godoro, wakavishonea turubai, vikawa vikinga miguu. Siku Bondwa walipoifunga timu ya Dar kwa penalti na Paskalia akazuia ya mwisho kwa paja, mzee aliingia uwanjani na kanzu yake, akamshika mabega mbele ya halaiki akasema, "Huyu ni ukuta wangu! Mtoto wa dada yangu!" Paskalia hajawahi kulisahau neno lile. Alikuwa analirudia kichwani akipanga ndizi.

Sasa twende msibani.

Bi Zuhura alifariki akiwa mzee sana, ameshiba siku zake, na siku ya kuondoa tanga ua wa Mzee Luqmani ulijaa. Sufuria za pilau zilikuwa zimeshafunikwa makaa alipoingia Halidi wa Dumila. Halidi ni Mnyamwezi, mnene, mfanyabiashara wa vitunguu pale njia panda, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akija msibani, funga mdomo na ushikilie ndala zako. Anaweza kukataa maiti asizikwe, anaweza kuvaa nguo za marehemu akaigiza anavyokoroma, anaweza kuondoka na chochote anachokitaka. Wewe unatakiwa ucheke. Ukinuna umejiaibisha, wewe na ukoo wako. Kesho yake unamfuata na kitu kidogo, kuku au hata jani la mgomba, unakikomboa chako, mnakula pamoja, yameisha.

Halidi aliukalia mfuniko wa sufuria ya pilau.

"Hapa haliwi!" akanguruma. "Dada yenu mmemuua kwa njaa, leo hayupo ndio mnapika nyama? Waluguru nyie, mguu mmoja mfupi kwa kutembea ubavuni mwa mlima, na roho fupi vilevile!"

"Toka hapo, mpagazi wee!" wanawake wakamjibu. "Chukua mzigo wako uende Tabora kwa miguu!"

"Siondoki mikono mitupu. Luqmani, una nini cha maana katika nyumba hii?"

Watu wakaanza kutaja. Kabati! Mbuzi! Mke mdogo! Lakini Halidi alikuwa amesimama mbele ya stoo, mkono umeshashika kufuli, kama mtu anayejua alichofuata. Akatoa kitunguu mfukoni mwa koti.

"Nanunua timu," akasema. "Kwa hiki. Na golikipa yumo humohumo."

Ua mzima ulivunjika mbavu. Na aliyecheka kuliko wote, mpaka akakaa chini na kujifuta machozi kwa khanga, alikuwa Paskalia. Mzee Luqmani alikipokea kitunguu kwa mikono miwili, akakinusa, akasema kwa sauti ya imamu, "Mashahidi mpo? Nimeuza." Gunia la magongo na magodoro ya Paskalia vikapakiwa kwenye pikapu ya Halidi juu ya magunia ya vitunguu. Pilau likaliwa.

Kesho yake hakuna aliyekwenda kukomboa.

Kesho yake tena hakuna. Wachezaji walikusanyika uwanjani mikono mitupu, wakafanya mazoezi kwa mipini ya mafagio, na mpira ukawa limao. Paskalia akapita dukani.

"Shikamoo mjomba. Magongo yetu lini?"

"Marahaba, ukuta wangu. Kesho nakwenda Dumila," mzee akasema, na akacheka. "Unamwogopa Halidi? Utani huo."

Na Paskalia naye akacheka, maana afanyeje? Alicheka wiki ile, akacheka wiki iliyofuata. Alicheka mpaka mashavu yakamuuma kama mtu mwenye jino bovu. Moyoni alikuwa na hofu ya kweli. Timu ikihamia Dumila yeye hawezi kuhama nayo, kwa sababu gari la ndizi za Matombo linashusha Morogoro na halina habari na Dumila. Atabaki sokoni na beseni lake, na ataitwa tena we ndizi. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha raha, na hakuwa na ruhusa ya kulisema, kwa sababu mambo ya utani hayanuniwi.

Mambo yakazidi kuvurugika. Kiongozi mmoja wa ligi alimpigia simu Mwalimu Shadya kutaka kujua aandike Bondwa ya mjini au Bondwa ya Dumila.

"Andika Bondwa," Shadya akasema.

"Uwanja wa nyumbani?"

"Andika barabarani," Shadya akajibu, akakata simu.

Huko Dumila nako watu walikuwa wameliamini jambo. Walisafisha kiwanja nyuma ya meza za nyanya, wakakipiga chokaa, wakachagua kamati, na kamati ikagawanyika siku ileile kuhusu rangi ya jezi. Mwenyekiti aliyeshindwa akaunda kamati yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona mpira wa magongo. Waliambiana kwamba ni mchezo wa kupigana kwa fimbo mpaka upande mmoja ukimbie, na vijana wawili wa Kimasai walishajiandikisha. Halidi akawa anaitwa Rais. Cheo alikipenda, akanunua na tai, lakini gunia lile lilimnyima usingizi. Wateja waliokuja kwa vitunguu walimuuliza bei ya fimbo. Kurudisha hawezi, maana mtani akirudisha kitu ambacho hakijakombolewa ni sawa na kukiri kwamba aliiba. Akampigia Mzee Luqmani, akapiga tena, na kila mara jibu likawa kicheko.

"Mama Ndizi, sisi tumepigwa chini," alisema Upendo, mshambuliaji wao, binti wa mjini mwenye ulimi mkali. "Mjomba wako anatuchora. Tumeuzwa kimasihara hivihivi."

"Mjomba hawezi," Paskalia akasema. "Ananiita ukuta wake."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," Shadya akaingilia. "Mimi nasema twende sisi. Na wewe si Mluguru? Halidi si mtani wako pia? Tukamnyang'anye kitu chake."

Wakapanda basi la Dodoma watatu wao, Paskalia na Shadya na Upendo, na mkungu wa ndizi miguuni maana Paskalia hasafiri bila ndizi. Wakashuka Dumila siku ya soko, kibanda cha Halidi kimejaa watu. Paskalia hakusalimia. Alipanda juu ya rundo la vitunguu, akajifunga khanga kiunoni, akakaa na kuangua kilio cha msiba.

"Uuuuwi! Nimefiwa! Nimefiwa na timu yangu! Muuaji ni huyu mpagazi, amekula pilau letu akatuulia timu! Vitunguu hivi ni vyangu, mizani hii ni yangu, na hiyo tai nitafungia mbuzi!"

Upendo alikuwa ameshaikumbatia mizani. Soko lote likakusanyika. Halidi akatoka nyuma ya magunia, akawaona, na wallahi mtu yule alitaka kulia kwa furaha.

"Mtani!" akapiga kelele. "Mmekuja! Mbona mmechelewa hivyo, nyie miguu mifupi? Nipeni chochote! Nipeni jani! Nipeni mate, mteme hapa chini, mchukue gunia lenu, kamati itaniua!"

"Anayekomboa ni mwenye mali," mwenyekiti wa kamati ya pili akasema haraka, naye hakutaka gunia liondoke. "Luqmani yuko wapi?"

Ikabidi apigiwe simu. Shadya akaweka sauti kubwa, soko zima likanyamaza kusikiliza. Paskalia akasema, "Shikamoo mjomba. Tuko Dumila kwa mtani. Hataki kitu, anataka tu neno lako. Sema nimekomboa, tunarudi na magongo jioni hii."

Kisha kikasikika kicheko kilekile.

"Mwambieni akae nayo kidogo, bwana. Haraka ya nini? Utani huo!" Na simu ikakatika.

Paskalia alibaki juu ya vitunguu, mdomo wazi. Halidi alivua tai. Akawafukuza watu kidogo, akamsogelea, na kwa mara ya kwanza akasema bila kunguruma.

"Dada, mimi nilidhani unajua. Siku mbili kabla ya tanga mjomba wako alinipigia. Akaniambia, mtani, njoo, kati ya yote uchukue timu. Akanieleza stoo ilipo na kufuli lilipo bovu. Akasema ukichukua wewe hakuna atakayenuna. Mimi nikadhani utani juu ya utani, nikaja na kitunguu."

Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo walikuwa na wajomba. Upendo aliiachia mizani. Shadya akatazama pembeni. Paskalia akashuka kutoka kwenye rundo polepole, akijikung'uta maganda.

"Nimeumia," akasema. Akasema hivyo tu, mbele ya mtani wake, mahali ambapo mtu hatakiwi kuumia, na Halidi hakumcheka.

Kisha akainama kwenye mkungu wake, akachuma ndizi moja, akamnyooshea.

"Mimi ni mtoto wa dada yake. Lukolo ni la mama, na mali ya lukolo hupita kwa wanawake. Mjomba hakukomboa, mimi nakomboa."

Mwenyekiti wa kamati ya pili akafungua mdomo kupinga. Halidi alimenya ndizi ile haraka haraka, akaila yote mbele ya watu, na ganda akampa mwenyekiti ashike. Biashara ikawa imekwisha. Vijana wa Kimasai walisikitika sana, lakini walisaidia kubeba gunia mpaka kituoni.

Ndani ya basi Paskalia alikaa dirishani, magodoro yake mapajani. Akajifuta macho kwa khanga.

"Mama Ndizi, usilie bwana," Upendo akasema. "Si tumerudishwa?"

"Kuuzwa hakuniumi," Paskalia akasema. "Kila kitu kinauzwa, na mimi nauza. Kinachoniuma ni kwamba nilicheka. Nilikaa chini, Upendo, nikacheka kuliko watu wote. Na yeye alikuwa ananitazama."

Walishuka Morogoro jua likiwa bado liko juu. Shadya alisema gunia lipelekwe kwake, yatazungumzwa kesho. Paskalia akasema hapana, tunapita dukani. Mzee Luqmani alikuwa ameketi juu ya magodoro yaliyorundikwa hadi karibu na dari, miguu inaning'inia, kofia yake safi, na mteja mmoja alikuwa chini anabonyezabonyeza la kando.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, marahaba!" Mzee aliona gunia. Kitu kikapita usoni mwake, halafu tabasamu likarudi mahali pake. "Mmelikomboa! Si niliwaambia? Huyo ndiye ukuta wangu. Leteni, wekeni stoo."

Paskalia hakusogea.

"Mjomba, ulimpigia Halidi kabla ya tanga?"

"Halidi! Unamsikiliza Mnyamwezi?"

"Nilimsikiliza."

Mzee akajikwangua shingo. Akateremka kutoka kwenye magodoro, kazi iliyomchukua muda, akasimama mbele ya mtoto wa dada yake, naye alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kule juu.

"Nimechoka, Paskalia," akasema. "Miaka yote hii nalipia chai, magari, na wazee wenzangu msikitini wananiuliza mikongojo yangu inaendeleaje. Sikujua nianze vipi kukwambia. Wewe ungelia. Nikaona mkichukuliwa na mtani mtacheka, na mimi nitacheka, yatakwisha vizuri. Na kweli ulicheka, sikukuona? Ulicheka sana." Akanyoosha mkono kumshika bega. "Mambo yenyewe yalikuwa utani tu, mwanangu."

Paskalia alilitua lile gunia sakafuni, akalishika vizuri zaidi, akalipandisha tena begani.

"Mjomba," akasema, "mimi na wewe si watani."

Mzee Luqmani akacheka. Akamgeukia Shadya ili wacheke pamoja, Shadya alikuwa anatazama mlango. Akamgeukia Upendo, na Upendo, ambaye hucheka hata kanisani, hakucheka. Walipokwisha kutoka akamgeukia yule mteja. Mteja akamuuliza godoro hili la inchi nane bei gani, na Mzee Luqmani hakuikumbuka.